Mambo yakianguka kabisa, ni nini hapa mtaani kitatuinua tena?

Baba mmoja wa Kayole ameniuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Naishi ploti ya ghorofa, mimi niko ya nne, niko na mke na watoto wawili. Kila stima ikipotea nchi nzima ama netiweki ikizimwa naanza kufikiria, siku moja vitu vyote vikianguka pamoja, serikali, stima, M-Pesa, maji, na isiwe ni ya siku mbili, ni nini hapa mtaani kitatusaidia kujenga maisha tena? Nianzie wapi? Ama nihame tu ushago?"

Ndugu yangu, asante kwa kuuliza, na usijali wale wanakwambia unawaza mabaya. Mimi kazi yangu ni maji na mambo ya dharura, nimefanya na vikundi vya Eastlands miaka kumi na nane sasa, nimehesabu vyoo, nimechimba mitaro na vijana, nimelala kwa viti vya kanisa na watu waliopoteza nyumba, kwa hivyo nitakujibu na vile nimeona na macho.

Nianze na jibu lenyewe ndio usisubiri. Kitu cha maana zaidi uko nacho hapo Kayole ni kamati ya matanga.

Fikiria jirani akifariki leo saa kumi na moja jioni. Kufikia saa tatu usiku kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna daftari, kuna mtu anajua hema na viti vinapatikana wapi, kuna mwenye sufuria za kupikia watu mia mbili, kuna dereva amekubali kupeleka familia Busia ama Kitui kwa pesa ya mafuta tu, kuna wamama washagawana nani ataleta mchele nani ataleta kuni, na hakuna mtu amepewa barua ya kazi. Hawa watu wanajuana, wanajua nani hula pesa na nani hali, na wamefanya hii kazi mara nyingi wakiwa na huzuni, wakiwa wamechoka, bila bajeti. Mimi nimekaa kwa semina nyingi sana za kupanga dharura na sijaona kikundi kingine kinajipanga haraka hivyo. Siku ya balaa watu hawataunda kitu kipya, hawana nguvu hiyo, watarudi kwa kile mwili umezoea kufanya. Kwa hivyo kazi yako ni kujua ni kina nani walisimamia matanga matatu ya mwisho hapo kwenu, uwajue kwa majina na milango.

Nikuonyeshe kitu kimoja. Mwisho wa Aprili 2024 Mto Mathare ulipofurika nilikuwa kwa ukumbi wa kanisa moja hapo juu ya mto, watu wamejaa, blanketi zimeloa, watoto wanalia. Kuna mama wa chama cha kuchanga pesa alikuwa na kitabu cha hesabu, kile cha vijisanduku cha watoto wa shule, jalada limeshikwa na selotepu, na mistari amechora na ukingo wa kiberiti juu hakukuwa na rula. Safu ya kwanza jina la mwenye nyumba. Ya pili wako wangapi. Ya tatu mtoto wa chini ya miaka mitano. Ya nne nani ana dawa ya kila siku. Ya tano ameandika tu "anajua nini". Hiyo ya tano niliisoma karibu mara tatu: kushona, plamba, nesi wa zamani, ana mkokoteni, anajua kunyamazisha watoto. Asubuhi lori la msaada likafika bila orodha yoyote, watu wakaanza kusukumana, mzee mmoja akaanguka, na yule mama akapanda kwa kiti akaanza kuita majina kutoka kwa kitabu, mmoja mmoja, na kelele ikaisha. Nilimwomba nipige picha ya ule ukurasa na tangu hiyo siku kila kikundi nafundisha nawachorea hizo safu tano.

Na hii ya majirani si hadithi ya hapa tu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka kwa ubalozi wa Marekani hapa mjini, watu wa kwanza kuchimba vifusi walikuwa wapita njia, na mikono, kabla mashine zifike. Kobe huko Japani, tetemeko la Januari 1995, wengi waliotolewa wazima walitolewa na majirani na watu wa familia, juu jirani ndiye anajua nyanya analala chumba gani.

Sasa maji, na hapa nitakaa juu ndio kitu kitakupiga kwanza.

Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lilimalizwa 1994, linashika kama mita za ujazo milioni 70, yanasafishwa Ng'ethu alafu sehemu kubwa ya safari ya kuja mjini yanateremka yenyewe. Maana yake kwako ni kwamba stima ikipotea mfereji hauwezi kukauka hiyo siku hiyo hiyo. Kitu kitaisha ni dawa za kusafisha, alumu na klorini, na kitu kitakosekana ni mtu wa kufungua valvu. Hapo kwenu maji ni ya mgao si ndio, basi kuna mtu fulani hufungua kule na kufunga huku, anajua ile chemba iko chini ya kibanda gani, anajua valvu gani imeshika kutu na inazungushwa vipi. Huyo mtu ni hazina. Mjue, msalimie, na uombe akuonyeshe kijana mmoja ama wawili wa mtaa zile valvu ziko wapi, juu yeye naye ana familia na anaeza kuwa ameenda kwao.

Kwa ploti yako shida ni nyingine. Lile tenki la juu linajazwa na pampu, pampu inataka stima. Kipimo tunatumia kwa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuosha mwili, kwa hivyo nyinyi wanne ni lita 60, mitungi mitatu ya lita 20, kila siku, hadi ghorofa ya nne. Jaribu wikendi moja. Beba mitatu ukihesabu ngazi, alafu ufikirie yule mama mzee wa ghorofa ya tano ama yule mwenye mimba, na hapo utaelewa kwa nini kwenye ile safu ya tano "ana nguvu za kubeba" ni ujuzi kama mwingine wote.

Watu wengi huniambia kuna bohoo, tutakuwa sawa. Ngoja kwanza. Visima vya kuchimbwa na mashine hapa Nairobi vingi vinapita mita 200 kwenda chini, na pampu ya mkono kama ile ya Afridev unaona mashambani inafika mita 45 hivi, hapo imeisha. Kwa hivyo hakuna kuvuta na mkono. Bohoo itakusaidia kama iko na genereta yenye dizeli ama iko na sola, na hiyo ndio swali la kuuliza mwenye bohoo leo, pampu ni ya kilowati ngapi na inaeza kuendeshwa na nini stima ikiwa haiko. Ukipata shule ama kanisa iliyoweka pampu ya sola, hiyo mahali andika na herufi kubwa. Pia ujue maji ya visima vingi vya hapa yana floridi nyingi, ile inageuza meno ya watoto yanakuwa ya kahawia, lakini wakati wa balaa kuhara ndiko kunaua kwanza, kwa hivyo mkinywa miezi michache sitalia sana, nitawaambia tu watoto wadogo wapewe maji ya mvua.

Na maji ya mvua ndio watu wanasahau kabisa. Hesabu ni rahisi, milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja. Nairobi tunapata kama milimita 900 kwa mwaka, nyingi ikija Machi hadi Mei na Oktoba hadi Disemba. Chukua kanisa la mabati la mita 20 kwa 15, toa ile inapotea, unabaki na kama lita laki mbili kwa mwaka, hiyo ni lita 15 kila siku kwa watu 37 hivi mwaka mzima kutoka paa moja. Kitu inakosa ni gata na tenki. Hiyo ni harambee ya leo, haihitaji mpaka dunia ianguke, na mkiifanya mtaitumia hata wiki ijayo mfereji ukikauka.

Ya kunywa chemsha, ikishaanza kutokota kabisa iache dakika tatu ndio uwe na uhakika, juu hapa tuko juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka mapema. Kama makaa ni shida, chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, maji yasiwe na matope, ilaze kwa mabati juani kwa muda wa masaa sita, kukiwa na mawingu siku mbili. Bliichi nayo, ile dawa ya maji ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, si sabuni, inafanya kazi kama haina manukato, ile ya asilimia tano weka matone mawili kwa lita, ngoja nusu saa, lakini soma kwanza chupa imeandika asilimia ngapi. Maji ya Mto Nairobi na yale ya mtaro wa viwandani usinywe hata ukiyachemsha mara kumi, moto unaua viini, hautoi madini ya risasi na kemikali.

Vyoo nitapita haraka lakini usivipuuze, hesabu ya dharura ni watu 20 kwa choo kimoja, na ukiwa na muda tembea Kibera uone zile bayosenta ambazo shirika la Umande Trust walijenga na vikundi vya huko, vyoo vinatoa gesi ya kupikia, zinasimamiwa na wenyewe.

Mafundi. Hapa Nairobi sisi ni matajiri na hatujui. Miji mingi mikubwa ulimwenguni kitu kikiharibika kinatupwa, hapa kuna mtu wa kukitengeneza na yuko karibu. Nyinyi wa Kayole mko karibu na Kariobangi Laiti, kuna watu wa kuyeyusha alumini, kuna welda, kuna wenye lethi. Lakini nenda Kamukunji, simama karibu na mtu anatengeneza karai ama jiko. Kipande cha reli ndio fuawe yake, mabati ni ya pipa la mafuta lililopasuliwa, anakunja ukingo na nyundo pigo moja moja akizungusha na mkono wa kushoto, hatumii rula, na hakuna waya ya stima mahali popote karibu na yeye. Huyo stima ikipotea mwaka mzima kesho atafungua kazi saa moja asubuhi kama kawaida. Welda atakwama bila genereta, huyu hatakwama, na wakati wa kujenga upya utataka hao wa aina ya pili zaidi. Fundi wa nguo wa cherehani ya mguu, fundi viatu, seremala wa msumeno wa mkono, watu wa mkokoteni wa Marikiti, fundi baiskeli. Na watu wa skrepa wa Dandora, hao wanajua chuma gani ni gani kwa kuishika tu.

Chakula, wewe unafikiria unga wa kuweka chini ya kitanda, na sawa, weka wa wiki mbili, haina ubaya. Lakini kitu kinalisha Nairobi ni mama mboga anajua simu ya mtu wa lori, mtu wa lori anajua mkulima wa Kinangop, na hiyo kamba ikikatika mahali popote mji unalala njaa. Muulize mama mboga wako mboga zake hutoka shamba gani hasa. Kama ni za Kiambu ama Machakos, hiyo ni safari ya baiskeli na mkokoteni, inawezekana. Gunia za mboga pia zinafanya kazi, baada ya vurugu za uchaguzi za 2008 Kibera walipanda sukuma wiki na spinachi kwa magunia ya udongo mlangoni na familia nyingi zilipata mboga hapo. Ningeanza na terere, managu na kunde juu terere unachuma baada ya wiki tatu nne, na mbegu unajitolea mwenyewe msimu ujao, kabichi ya haibridi huwezi. Benki ya taifa ya mbegu iko Muguga, hapo tu baada ya Kikuyu, tangu 1988, na ni vizuri ujue iko, lakini mbegu zitakazokuokoa ni zile mama mzee fulani kwenu amefunga kwa kitambaa na majivu. Na ujue posho mill yenu ni ya stima ama ya dizeli.

Afya, kuna wale wahudumu wa afya wa jamii, serikali ilizindua karibu laki moja nchi nzima Septemba 2023, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, mmoja ana kama nyumba mia. Wa kwenu unamjua jina? Ongeza manesi waliostaafu, mwenye kemisti, wakunga. Na kila mzazi akariri hii: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Inaokoa mtoto anahara.

Pesa ndio watu wanaogopa zaidi. M-Pesa ilianza Machi 2007 na saa hii tumeiegemea mpaka mtu anatembea bila hata shilingi mia mfukoni. Unataka kujua inakuaje pesa na serikali zikipotea? Panda gari uende Eastleigh, mtaa wa Wasomali hapa Nairobi. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991, benki kuu ikafa, na zile noti kuukuu watu waliendelea kuzitumia miaka na miaka juu walikubaliana zina thamani. Wengi walikuja hapa bila kitu, wakaanza kuuzia kwa vyumba vya loji, Garissa Lodge ikageuka soko, na leo unaona yale maghorofa. Pesa zilitembea kwa hawala, mtu anasema neno Nairobi mwingine analipa Mogadishu, kinachoshikilia ni jina la mtu na ukoo wake. Na huko Somaliland, Hargeisa ilikuwa imepigwa mabomu 1988 ikabaki magofu, wazee wa koo wakakaa Borama 1993 kwa miezi wakiongea mpaka wakapata serikali. Nimeongea na wazee wa Eastleigh waliopitia hayo, na wote nikiwauliza walianza vipi wananitajia mtu fulani aliyewaamini na mali ya mkopo. Hiyo kwetu ni chama. Chama chako kiwe na daftari la karatasi, si lile la kwa simu peke yake, kila mtu anajua anadai nani na anadaiwa nani, hiyo ni benki tayari.

Habari nazo, redio ndogo za mtaa kama Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera, zilikuwa hewani wakati wa vurugu za 2008 zikiomba watu watulie, na redio ndogo ya FM haili stima nyingi, sola na betri zinatosha. Nunua redio ya betri. Maktaba pia, ile ya Makadara si mbali na wewe, vitabu vya ukunga na useremala havitaki netiweki.

Sasa nikuambie kitu kizito. Haya yote niliyoyataja yalikuwepo 2008 na bado watu zaidi ya elfu moja waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafurushwa, na mitaa mingine hapa Nairobi ikagawanyika kwa lugha, huu upande wetu, ule wao. Kuna vikundi vya vijana vilianza kama ulinzi vikaishia kutoza watu. Kwa hivyo angalia kamati yako na chama chako, kama wote mnaongea lugha moja ya nyumbani hiyo ni hatari kubwa kuliko kukosa tenki. Mliofanya matanga ya jirani wa kabila lingine mkalia naye, hao ndio mtalinda mlango wa kila mmoja. Nimeona hivyo, kuna ploti Mathare haikuguswa 2008 juu wamama wa merigoraundi, wa makabila manne, walilala nje kwa lango siku tano.

Kuanza ni hivi. Jumapili hii nunua kitabu cha hesabu, chora safu tano, anza na ploti yenu tu. Waambie ni ya dharura, waambie stima ilivyopotea nchi nzima Agosti 2023 tulivyohangaika. Usiandike nani ana chakula kingi ama pesa, hiyo itawaletea wezi, andika watu na ujuzi na dawa. Andika kopi mbili, moja ikae kwa mwenye kanisa ama imamu. Kila miezi sita pitia tena, wapangaji wanahama.

Na ushago. Kama kwenu wanakujua, unaenda matanga, umejenga hata chumba kimoja, kuna kisima cha kuvuta na kamba, basi ndiyo, iwe kwa mpango wako, na Disemba hii ukienda peleka gata na tenki badala ya soda kreti tatu. Kama hujafika miaka minane na shamba mnazozana na ndugu zako, utakuwa mgeni mwenye njaa kati ya watu wenye njaa, heri ubaki Kayole mahali unajulikana. Kwanza ongea na mama kwa simu umuulize kile kisima bado kina maji mwezi wa pili.